Ludwig Boltzmann na Hesabu ya Visivyoonekana

Kila anayesoma fizikia, Jinja au Mbale, amekutana na k, namba ndogo mno: juli 1.38 × 10⁻²³ kwa kelvini. Wengi huikariri kwa ajili ya mtihani tu. Mwenye jina lake, Ludwig Boltzmann, alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1844. Baba yake, ofisa wa kodi, alifariki Ludwig akiwa na miaka 15. Alipofika miaka 25 alikuwa tayari profesa mjini Graz. Huko alikutana na Henriette von Aigentler, mwanamke aliyenyimwa ruhusa ya kuhudhuria mihadhara. Boltzmann alimuunga mkono akate rufaa, akashinda. Walioana 1876.

Mwaka 1872 alionyesha kwa hesabu kwamba entropi ya gesi hupanda hadi kikomo. Rafiki yake Josef Loschmidt akamtia kwenye kona: kama kanuni za mwendo wa molekuli zinakubali kwenda mbele na kurudi nyuma, mbona entropi isishuke pia?

Jibu alilitoa 1877, nalo ndilo kazi yake kubwa kuliko zote. Chukua molekuli 4 katika chumba chenye nusu mbili. Mipangilio yote ni 16. Ya zote kukaa kushoto ni 1. Ya mbili huku na mbili kule ni 6. Zikiwa 100, mipangilio inapita 10³⁰, na ya zote kushoto bado ni 1. Sasa fikiria udi uliowashwa kwenye kona ya chumba cha hosteli. Hakuna kanuni inayouzuia moshi kurudi ulikotoka, ila njia za kutawanyika ni nyingi kupita kiasi.

Na kwa nini logi? Ukiunganisha mifumo miwili, idadi za mipangilio huzidishana, lakini entropi hujumlishwa. Logi ndiyo inayogeuza kuzidisha kuwa kujumlisha. Ndiyo maana gesi ikiwa mara mbili, kwa halijoto na msongamano uleule, entropi nayo huwa mara mbili. Max Planck ndiye aliyeiandika kwa ufupi: S = k log W.

Lakini hesabu hiyo ilihitaji molekuli ziwepo kweli, na wakubwa kama Ernst Mach na Wilhelm Ostwald hawakukubali. Boltzmann alibishana nao miaka mingi, huku macho yakififia na huzuni nzito ikimjia na kuondoka. Tarehe 5 Septemba 1906, akiwa likizoni na familia yake Duino, karibu na Trieste, alijiua. Hukumu ya tendo hilo kwetu inajulikana. Ila alikuwa mgonjwa, na anayeona dalili hizo kwa mwenzake wa chumba asinyamaze.

Einstein alikuwa ameshachapisha, 1905, hesabu ya punje zinazosukumwa na molekuli majini. Jean Perrin akaipima kuanzia 1908. Mwaka 1909 Ostwald mwenyewe akakiri kwamba atomu zipo. Kaburi la Boltzmann liko Vienna, na juu yake imechongwa ile fomula.