Karani wa Madras na Mafungu ya Nyanya Mia Mbili

Srinivasa Ramanujan alizaliwa Erode, kusini mwa Bara Hindi, tarehe 22 Desemba 1887, akalelewa Kumbakonam, mji wenye mahekalu mengi. Baba yake alikuwa karani katika duka la nguo; mama yake aliimba nyimbo za ibada hekaluni. Ukoo wao ulimwabudu Devi Namagiri wa Namakkal, naye Ramanujan aliamini kwamba kanuni zake za hesabu alizipata kwa rehema za Devi huyo.

Shuleni aling'ara, chuoni akaanguka mitihani, kwa kuwa hakutaka kusoma lolote ila hesabu. Mwaka 1912 akapata ukarani katika Bandari ya Madras, kwa rupia 30 kwa mwezi. Mwaka uliofuata alimpelekea barua G. H. Hardy, mwanahisabati wa Cambridge, Uingereza, naye Hardy akamwita.

Hapo likazuka zito. Siku zile Brahmini aliyevuka bahari alihesabiwa kuwa amejitia unajisi, na mama yake hakukubali. Husimuliwa kwamba baadaye mama aliota ndoto, Devi akimwamuru asimzuie mwanawe. Machi 1914 Ramanujan akapanda meli.

Wengi humkumbuka kwa 1729, namba ya teksi aliyopanda Hardy. Mimi, mtu wa biashara, huvutiwa zaidi na nyingine: 3,972,999,029,388.

Mchukue muuza nyanya sokoni. Ana nyanya nne. Atazipanga katika mafungu kwa njia ngapi? Fungu moja la nne. La tatu na la moja. Mawili ya mbili mbili. La mbili na mawili ya moja moja. Au kila nyanya peke yake. Njia 5. Nyanya kumi zina njia 42. Nyanya mia moja, njia 190,569,292. Nyanya mia mbili ndizo zenye idadi ile niliyoitaja, karibu trilioni nne.

MacMahon, meja mstaafu wa jeshi, aliikokotoa kwa mkono, akipanda hatua kwa hatua tangu moja. Ramanujan na Hardy wakatafuta kanuni ya kuifikia moja kwa moja. Walipoijaribu kwa mia mbili, wakajumlisha viwango vinane tu, jibu likawa 3,972,999,029,388.004. Sisi tuliofunga mahesabu ya mwaka usiku kucha tukitafuta senti iliyopotea, tunajua uzito wa jambo hilo. Kanuni hiyo ilichapishwa mwaka 1918.

Tena, akiitazama orodha ya MacMahon, Ramanujan aligundua siri: idadi ya nyanya ikiishia na 4 au 9, njia hugawanyika kwa 5 bila baki. Nne zina 5, tisa zina 30, na hali ni hiyo daima. Akalithibitisha.

Maradhi yalimrudisha nyumbani mwaka 1919. Aliendelea kuandika kanuni akiwa kitandani, hata akafariki tarehe 26 Aprili 1920, akiwa na miaka 32. Jamaa wengi wa Kibrahmini hawakuja kumchoma, kwa sababu alivuka bahari.

Nasi wazee wetu waliivuka, kwa majahazi, wakaja kufungua maduka pwani hii. Baadhi yao walipokewa vivyo hivyo waliporudi.

Mkewe, Janaki, alibaki mjane kijana, akajitegemea kwa kushona nguo mjini Madras. Aliishi hadi mwaka 1994.