Alois Carigiet: mchoraji aliyeipa lugha ndogo kengele kubwa

Kila tarehe mosi Machi, katika mabonde ya Engadin mashariki mwa Uswisi, watoto hupita mitaani wakitikisa kengele za ng'ombe ili kuyafukuza majira ya baridi. Sherehe hiyo, iitwayo Chalandamarz, isingejulikana sana ng'ambo ya milima hiyo lau si kitabu cha watoto kilichochapishwa mwaka 1945. Aliyekichorea picha ni Alois Carigiet, mwana wa mkulima.

Carigiet alizaliwa tarehe 30 Agosti 1902 katika kijiji cha Trun, jimbo la Graubünden, akiwa mtoto wa saba kati ya kumi na mmoja. Nyumbani kwao kilizungumzwa Kiromanshi, lugha iliyotokana na Kilatini na kusalia katika mabonde machache ya milima ya Alps. Mwaka 1911 dhiki iliilazimu familia kuhamia Chur, makao makuu ya jimbo, ambako Kijerumani ndicho kilichotawala. Umbali haukuwa mkubwa, lakini kwa mtoto wa umri wake ilikuwa kama kuingia nchi ya kigeni. Wasomaji waliolelewa ughaibuni hawahitaji kuelezwa zaidi.

Baada ya kujifunza ufundi wa rangi na mapambo, kijana huyo alikwenda Zürich mwaka 1923. Kufikia mwaka 1927 alikuwa na ofisi yake mwenyewe ya usanifu wa michoro, na mabango yake ya matangazo yalimpa jina. Katika miaka ya 1930 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Cabaret Cornichon, jukwaa la vichekesho lililothubutu kuwakejeli Wanazi waliotawala nchi jirani ya Ujerumani. Yeye alibuni mandhari ya jukwaa, na nduguye Zarli akaigiza.

Hata hivyo, mwaka 1939, akiwa katika kilele cha mafanikio, aliuacha mji na kuhamia kijiji cha Platenga, karibu na alikozaliwa, ili awe mchoraji wa milima.

Huo ulikuwa wakati mgumu kwa lugha yake. Italia ya Mussolini ilikuwa na wasomi waliodai kwamba Kiromanshi si lugha bali ni lahaja ya Kiitaliano, dai lililoashiria tamaa ya ardhi. Februari 1938 wananchi wa Uswisi walijibu kwa kura: zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga kura waliridhia Kiromanshi kiwe lugha ya nne ya taifa. Lakini kura pekee haimpi mtoto kitabu cha kusoma.

Ndipo Selina Chönz, mwandishi wa Engadin, alipomwomba Carigiet amchoree picha za hadithi aliyoitunga kwa mashairi. Lahaja ya mwandishi haikuwa ile ya Trun, wala bonde lake halikuwa bonde la mchoraji. Kwa hiyo Carigiet alikwenda kijiji cha Guarda kuchunguza na kuchora nyumba zake zenye kuta nene na mapambo. Kazi hiyo ilichukua miaka kadhaa.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Uorsin, mvulana wa kijijini, anapewa kengele ndogo kuliko zote, na kwa hiyo atalazimika kutembea mwisho wa msafara. Anakumbuka kengele kubwa iliyoning'inia katika kibanda cha malisho ya kiangazi, huko juu mlimani. Anaipanda theluji peke yake, analala huko usiku kucha huku wazazi wake wakilia, na asubuhi anarudi na kengele itakayomweka mbele ya wenzake wote.

Chönz na Carigiet walitoa vitabu vingine viwili pamoja. Baadaye mchoraji huyo aliandika na kuchora vitatu vya kwake mwenyewe, kati ya mwaka 1965 na 1969. Mwaka 1966 alitunukiwa nishani ya Hans Christian Andersen, akiwa mchoraji wa kwanza kabisa duniani kuipata. Wakati huo alikwisha kurejea Trun, alikohamia mwaka 1960. Alifariki huko tarehe 1 Agosti 1985, siku ya sikukuu ya taifa la Uswisi.

Kitabu hakikuiokoa lugha. Leo Kiromanshi ni lugha kuu ya watu wapatao 40,000 tu, chini ya asilimia moja ya wakazi wa nchi hiyo, na walimwengu wengi humjua Uorsin kwa jina lake la Kijerumani, Schellen-Ursli, jina lililotumiwa pia na filamu ya mwaka 2015. Lakini mtoto wa Engadin akikifungua kitabu hicho hukuta mlango wa nyumba yao, kofia ya babu yake na maneno ya mama yake, vyote vikiwa vimechorwa na kuandikwa kwa heshima ileile wanayopewa watoto wa lugha kubwa. Watoto wengi wa lugha ndogo bado hawajakipata kitabu cha namna hiyo.