Kiichiro Toyoda alifuata kamyo zake kila fasi zilikufia

Hapa kwetu, wakati mutu anasema anataka kununua motokari ya okazyo, swali la kwanza la shemeji yake ni kama ni Toyota. Kuanzia Lubumbashi mpaka Bukavu ni vile. Noah na IST zinafanya taksi, Hiace inabeba watu mpaka mulango haufungi, Land Cruiser ya zamani inapita katika matope penye zingine zinalala. Wenye kuzinunua wanasema mambo karibu sawasawa: moteri haikatai kazi, mekanisye yeyote wa kartiye anaijua, piyesi zinapatikana mpaka katika soko ndogo. Malalamiko nayo hayakosekani. Piyesi za uongo ni mingi. Bei haishuki hata kama motokari imezeeka. Na zile zenye zinakuja moja kwa moja kutoka Japani ziko na volani kuume, katika inchi yenye watu wanatembeza motokari upande wa kuume. Basi shofere akitaka kupita kamyo, anapashwa kumuuliza mwenye anakaa kushoto kama barabara iko wazi. Lakini hata hao wenye kulalamika, wakiuzisha, wananunua Toyota ingine.

Wengi wanafikiri sifa ile ilizaliwa pamoja na motokari yenyewe. Hapana. Kamyo za kwanza za sosyete ile zilikuwa zinakufa njiani kila siku, na mutu mwenye alizitengeneza alikuwa anaenda yeye mwenyewe kuziangalia palepale. Leo tunasimulia maisha yake. Jina lake ni Kiichiro Toyoda, na alikufa mbele ya kuona matunda ya kazi yake.

Alizaliwa tarehe 11 mwezi wa 6 mwaka wa 1894, katika kijiji cha Yamaguchi, jimbo la Shizuoka. Baba yake, Sakichi, alikuwa mutoto wa seremala, na kichwa chake chote kilikuwa katika mashini za kufuma nguo. Alikuwa anatengeneza, anabomoa, anatengeneza tena, feza za nyumba zinaisha. Mama, Tami, aliondoka wakati mutoto alikuwa angali muchanga. Kiichiro akalelewa na wazazi wa baba yake, kisha na bibi wa pili wa baba, Asako. Alikomaa mutu wa kimya, mwenye kupenda mashini kuliko mazungumzo.

Mwaka wa 1920 alimaliza masomo ya enjenyere wa mashini kwenye chuo kikuu cha Tokyo. Mwaka wenye ulifuata aliingia katika kazi ya baba, akatembelea Marekani na Uingereza, akakaa muda fulani Oldham katika kiwanda cha Platt Brothers, chenye kilikuwa kikubwa sana duniani kwa mashini za pamba. Wakati alirudi, yeye na baba yake walikamilisha katika mwaka wa 1924 mashini ya kufuma yenye iliitwa Type G. Ilikuwa inabadilisha uzi bila kusimama, lakini uzi ukikatika, inasimama yenyewe, ili isiendelee kufuma nguo mbovu. Wasomaji wakumbuke jambo lile, kwa sababu mawazo yote ya kiwanda cha motokari yalitoka pale: ikiwa kosa linatokea, simamisha kazi, angalia.

Tarehe 21 mwezi wa 12 mwaka wa 1929, wale Platt Brothers wenye walimufundisha walikubali kununua haki za mashini ile kwa paundi 100,000. Watu wengi wanasimulia kwamba feza zile ndizo Sakichi alimuachia mutoto wake kwa kutengeneza motokari. Hesabu za kweli hazikuwa rahisi vile, lakini ni kweli kwamba mashini za nguo ndizo zililisha motokari kwa miaka mingi. Sakichi akafa mwaka wa 1930. Mukubwa wa familia katika biashara hakuwa Kiichiro, ni Risaburo, bwana wa dada yake Aiko, mwenye baba aliingiza katika familia na kumupa jina la Toyoda, sawa desturi ya Japani inavyoruhusu. Risaburo alikuwa mutu wa hesabu na aliogopa motokari. Tunamuelewa. Nani angeweka feza za nguo katika kitu chenye Wamarekani wanatengeneza kwa maelfu?

Juu ya Wamarekani walikuwa wamefika tayari. Tarehe 1 mwezi wa 9 mwaka wa 1923, tetemeko kubwa la inchi lilibomoa Tokyo na Yokohama. Reli zilipinda, na muji wa Tokyo ukaagiza kutoka kwa Ford kamyo za mbiombio ili zigeuzwe kuwa basi. Watu wakaona faida ya motokari. Ford akafungua kiwanda Yokohama katika mwaka wa 1925, General Motors akafungua chake Osaka katika mwaka wa 1927, na karibu motokari yote yenye ilionekana katika barabara za Japani ilikuwa yao.

Mwaka wa 1933 Kiichiro alifungua idara ya motokari ndani ya kiwanda cha mashini za kufuma, kule Kariya. Alinunua Chevrolet mupya, yeye na watu wake wakaifungua mpaka buloni ya mwisho, wakapima na kuchora kila kipande. Watu wa garaji wanajua kwamba kufungua si kazi. Kazi ni kutengeneza kingine chenye kinafanana. Bloku ya moteri iliwashinda. Watu wa Katanga wenye wamefanya kazi fonderi wataelewa: unamimina chuma chenye kuyeyuka ndani ya umbo la muchanga lenye mashimo na njia nyembamba, kama hewa kidogo inabaki, bloku inatoka na matundu na haifai kitu. Zilitoka mbovu moja kisha ingine, zikayeyushwa tena. Moteri ya kwanza ilisimama katika mwezi wa 9 mwaka wa 1934, na ilikuwa na nguvu kidogo kuliko ile ya Chevrolet. Wakatengeneza upya sehemu za juu.

Motokari ndogo ya kujaribu, A1, ilitoka katika mwezi wa 5 mwaka wa 1935. Lakini serikali na jeshi walitaka kamyo, na Kiichiro akageukia kamyo kwa haraka. G1 ilionyeshwa Tokyo katika mwezi wa 11 mwaka ule ule. Hata safari ile ya kuipeleka Tokyo haikuwa ya amani: chuma cha usukani kilivunjika njiani, wakatengeneza palepale ili wasikose tarehe.

Shotaro Kamiya, mwenye alitoka General Motors kuja kuuzisha kwa Toyoda, alifanya jambo la akili. Alianza kuuzisha karibu na kiwanda, upande wa Nagoya, kwa wateja wenye mekanisye anaweza kuwafikia siku ile ile. Kwa sababu kamyo zilikuwa zinakufa. Ekseli ya nyuma inavunjika, giya inakwama, kamyo iko katikati ya barabara na muzigo wake, shofere amekaa pembeni. Watu wakaanza kucheka kamyo zile. Na hapo ndipo tunaona Kiichiro alikuwa mutu wa namna gani. Hakutuma tu mekanisye. Kamyo ikikufa, hata usiku, mara mingi alienda yeye mwenyewe, akalala chini ya kamyo, akachafua mikono, akatafuta kipande chenye kilivunjika na sababu yake. Kisha alirudi kiwandani na kipande kile, na mupango wa kutengeneza ukabadilishwa. Mabadiliko ya G1 yalihesabiwa kwa mamia, na kamyo zenyewe zilikuwa 379 tu. Mwenye kununua hakulipishwa kosa la mwenye kutengeneza. Kwetu hapa, mwenye duka akishakuuzishia, mara mingi anasahau hata sura yako.

Mwaka wa 1936 waliuliza watu wachore alama ya motokari, wakapokea michoro 27,000. Pale ndipo jina Toyoda liligeuka Toyota: katika maandishi ya Kijapani linaandikwa na mistari 8, hesabu ya bahati, na lilitenga kidogo kiwanda na familia. Sosyete yenyewe ilianzishwa tarehe 28 mwezi wa 8 mwaka wa 1937, Risaburo akiwa mukubwa, Kiichiro makamu wake. Mwaka wa 1938 wakafungua kiwanda kikubwa Koromo. Kiichiro alitaka kila piyesi ifike kwa mutumikaji wakati inahitajiwa, si mbele, si nyuma, kwa sababu stoo yenye kujaa piyesi ni feza zenye kulala.

Vita iliharibu mupango ule. Jeshi lilichukua kamyo karibu zote, na hatutaficha kwamba sosyete iliishi miaka ile juu ya jeshi lenye lilikuwa linashambulia Uchina. Kiichiro akawa mukubwa wa sosyete katika mwaka wa 1941. Tarehe 14 mwezi wa 8 mwaka wa 1945, siku moja tu mbele ya Japani kukubali imeshindwa, mabomu yalianguka Koromo na kubomoa karibu robo ya kiwanda.

Baada ya vita hakukuwa chakula, hakukuwa chuma. Ili kulisha watumikaji, walifikiria kila kazi. Kiichiro alituma mutoto wake Shoichiro kule kaskazini, Wakkanai, kwenye kiwanda cha kusaga nyama ya samaki. Enjenyere muzima, anafanya samaki! Lakini kamyo zilianza tena polepole, na katika mwaka wa 1947 ikatoka motokari ndogo, Toyopet SA.

Kisha ikaja mwaka wa 1949. Ili kushusha bei za vitu, Wamarekani wenye kutawala Japani walilazimisha mupango mukali wa feza. Wateja wa kamyo walikuwa wananunua kwa deni, na sasa hawakuwa na kitu cha kulipa. Mwisho wa mwaka, Toyota haikuweza kulipa mishahara. Kiichiro alifanya mapatano na sendika: mishahara ipunguzwe asilimia 10, lakini hakuna mutu atafukuzwa. Mabanki, yakisimamiwa na tawi la Banki ya Japani kule Nagoya, yalikubali kuokoa sosyete, lakini yaliweka masharti. Idara ya kuuzisha itengwe. Watumikaji wapunguzwe.

Aliahidi, na alishindwa kutimiza. Katika mwezi wa 4 mwaka wa 1950 mugomo ulianza. Sosyete iliomba watu 1,600 waondoke kwa hiari, na mwishoni wenye walitoka walipita 2,000. Hapa Katanga watu wanajua vizuri uzito wa maneno yale, kuondoka kwa hiari. Sendika ilimukumbusha Kiichiro neno lake, na hakuwa na jibu. Tarehe 5 mwezi wa 6 aliacha kiti, pamoja na wakubwa wengine. Mugomo ukaisha siku chache baadaye. Kwa maoni yetu, kujiuzulu kule hakukurudishia hata fundi mumoja mushahara wake, na si haki kukugeuza kuwa hadisi tamu. Lakini wakubwa wangapi, kisha kusaini barua za watu, wanasaini na yao?

Tarehe 25 mwezi ule ule, vita ya Korea ikaanza. Jeshi la Marekani lilihitaji kamyo karibu, na katika mwezi wa 7 likaagiza Toyota 1,000. Maagizo yakafika 4,679. Majuma machache tu yangetosha kwa kumuacha Kiichiro katika kiti, na labda wale 2,000 katika kazi.

Aliishi Tokyo, akiendelea na uchunguzi wake wa mashini. Taizo Ishida, mwenye alichukua nafasi yake, hakujiona kuwa mwenye kiti. Mambo yalipotengenezeka, mwanzoni mwa mwaka wa 1952 alimuomba Kiichiro arudi, na Kiichiro akakubali. Hakurudi. Damu ilipasuka katika ubongo, na tarehe 27 mwezi wa 3 mwaka wa 1952 alikufa, akiwa na miaka 57. Risaburo, shemeji mwenye aliogopa motokari, alimufuata katika mwezi wa 6.

Mambo yenye sisi tunajua yalikuja nyuma yake. Jeep ya BJ, yenye ilipanda Mulima Fuji mpaka kituo cha 6 katika mwaka wa 1951, iliitwa Land Cruiser tangu 1954. Crown ilitoka 1955, Corolla 1966, Hiace 1967, Hilux 1968. Shoichiro, yule wa samaki, akawa mukubwa wa sosyete katika mwaka wa 1982.

Sifa haikukaa bila doa. Kuelekea mwaka wa 2010 mamilioni ya Toyota yaliitwa kurudi garaji juu ya pedali yenye kukwama na tapi zenye kuikamata, na Akio Toyoda, mujukuu wa Kiichiro, alisimama mbele ya wabunge wa Marekani kuomba musamaha. Hapa kwetu jambo lile halikupunguza wateja. Wenye wanasafiri mbali wanatafuta Land Cruiser ya series 70, yenye ilitoka 1984 na inatengenezwa mpaka leo, na wanaitaka bila mambo mingi ya elektroniki. Wanasema sababu wazi: ikikufa katikati ya pori, mekanisye mwenye kuwa na funguo na tochi anaweza kulala chini yake na kuona kipande gani kimevunjika.