Jaji aliyemfungulia mgeni



Nikiwa likizo hapa Nassa, dada mmoja wa VIWAWA aliniuliza kama mtu anaweza kuwa mwanasheria na bado akabaki Mkristo wa kweli. Nyumbani wanamwambia wanasheria wanauza uongo. Nilimjibu kifalsafa, akapiga miayo. Leo namjibu kwa mtu, tena wa ng'ambo tu ya ziwa letu.

Benedicto Kiwanuka, Mkatoliki wa Uganda, alizaliwa 1922. Alikuwa askari wakati wa vita, kisha mkalimani wa Mahakama Kuu Kampala, ndipo akaenda London kusomea sheria. Siasa naipitia haraka: aliongoza chama cha Democratic Party, 1962 akawa Waziri Mkuu kwa muda mfupi tu, na 1969 serikali ya Obote ikamfunga.

Aliyemtoa ni Idi Amin, 1971, na mwaka huohuo akamfanya Jaji Mkuu. Hapo ndipo penye kazi, jamani. Mtu amekutoa gerezani, kakupa cheo, utamkatalia nini?

Septemba 1972, Waasia wakiwa wanafukuzwa nchini, ilimfikia kesi ya Mwingereza aliyeshikiliwa na wanajeshi. Kunyamaza kungekuwa rahisi. Huyo hakuwa hata ndugu yake. Kiwanuka akaamuru aachiliwe, maana jeshi halikuwa na mamlaka ya kumkamata.

Tarehe 21 mwezi huohuo wenye silaha walimchukua palepale mahakamani. Mwili wake haukupatikana.

Dada, Jumapili baada ya Misa njoo na yale maombi yako ya chuo, tuyajaze.