Frederick Banting: Tabibu aliyekosa wagonjwa

KILA tarehe 14 Novemba ulimwengu huadhimisha Siku ya Kisukari. Tarehe hiyo haikuteuliwa ovyo. Ndiyo siku aliyozaliwa Frederick Grant Banting, mwaka wa 1891, katika shamba moja karibu na mji mdogo wa Alliston, jimbo la Ontario, nchini Canada. Alikuwa kitindamimba katika familia ya watoto watano.

Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Toronto, akahitimu mwishoni mwa 1916 na kupelekwa Ulaya vitani. Mnamo Septemba 1918, karibu na Cambrai, Ufaransa, alijeruhiwa mkono na kombora lakini akaendelea kuwahudumia majeruhi wenzake. Alitunukiwa nishani ya ushujaa, ila nishani haikumletea mkate mezani. Alipofungua zahanati Julai 1920 mjini London, si ule wa Uingereza bali wa Ontario, mwezi wa kwanza aliambulia dola nne pekee. Ikambidi atafute kibarua cha kufundisha chuoni.

Ni kibarua hicho kilichombadilishia maisha. Usiku wa kuamkia Oktoba 31, 1920, akijitayarishia somo, alisoma makala kuhusu kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Alipokosa usingizi, akaandika wazo lake: kuifunga mirija ya kongosho la mbwa ili sehemu inayotoa maji ya kumeng'enya chakula ife, kisha akamue kile kinachodhibiti sukari mwilini. Enzi hizo mtoto aliyepatwa na kisukari alinyimwa chakula ili aongezewe miezi michache ya kuishi. Wazazi waliwatazama wana wao wakigeuka mifupa mitupu.

Profesa John Macleod wa Toronto, ingawa alikuwa na shaka, alimpa Banting maabara, mbwa na msaidizi kijana, Charles Best. Walianza kazi Mei 1921. Mbwa wengi walikufa, lakini kufikia mwisho wa msimu wa joto maji waliyokamua yalikuwa yakishusha sukari. Baadaye wakagundua kwamba kongosho zima la ng'ombe kutoka kichinjioni, likilowekwa katika alkoholi, lilitosha. Hapa pana jambo ambalo masimulizi mengi huliruka: wazo lile la usiku wa manane halikuhitajika tena. Kilichobaki ni swali la utayarishaji, nalo ndilo lililokuwa gumu zaidi.

Mnamo Januari 11, 1922, Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa na uzani wa kilo 29 hivi, alidungwa dawa hiyo katika Hospitali Kuu ya Toronto. Ilikuwa rojorojo ya rangi ya udongo. Sukari ilishuka kidogo, na mahali alipodungwa pakafanya jipu. Majaribio yakasitishwa.

Aliyeyanusuru ni mwanakemia James Collip. Aliongeza alkoholi hatua kwa hatua hadi protini nyingine zikazama chini, kisha akaizidisha kupita asilimia 90, na hapo insulini yenyewe ikajitenga kama unga uliowezekana kuyeyushwa upya. Januari 23 Thompson alidungwa tena, na safari hii sukari ikaanguka na mvulana akapata nguvu. Aliishi hadi 1935. Ushindi huo, hata hivyo, haukuleta amani. Collip alipokataa kufichua mbinu yake, yeye na Banting nusura watwangane maabarani. Kisha miezi michache baadaye Collip mwenyewe akashindwa kurudia alichokifanya alipojaribu kutengeneza kiasi kikubwa, na wagonjwa waliokwisha kuonja uhai wakakosa dawa. Kampuni ya Eli Lilly ya Marekani iliingia Mei mwaka huo, na kwa kurekebisha kiwango cha asidi, wanakemia wake wakapata insulini safi zaidi.

Swali la pili lilikuwa la kipimo. Chupa moja ilikuwa kali, nyingine hafifu, na insulini ikizidi mgonjwa hutoka jasho, hutetemeka na hata kuzimia. Walitumia sungura wa kilo mbili aliyefungishwa siku nzima: kiasi kilichoishusha sukari yake hadi mwili ukaelekea kupata mitukutiko kiliitwa yuniti moja. Mwaka wa 1923 wataalamu waliokutana Edinburgh waliipunguza yuniti hiyo hadi thuluthi. Leo chupa nyingi zina yuniti 100 kwa kila mililita. Bomba la sindano lililochorwa kwa dawa ya yuniti 40 likitumiwa hapo, mgonjwa hupata mara mbili na nusu ya kipimo chake.

Uhifadhi nao una masharti. Chupa isiyofunguliwa hukaa katika jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8, na ikiganda hutupwa. Je, asiye na jokofu? Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021, uliotumia vipimo vya joto kutoka kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, ulionyesha kuwa insulini ilihifadhi nguvu zake kwa wiki nne katika joto lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37.

Hakimiliki ya dawa hiyo iliuzwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto mwaka wa 1923 kwa dola moja kwa kila mvumbuzi. Mwaka huohuo Banting, akiwa na miaka 32, alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Macleod. Alighadhabika kwamba Best ameachwa nje, akamgawia nusu ya fedha zake. Macleod naye akamgawia Collip. Hasira za Banting kwa Macleod, kwa maoni yangu, zilipita mpaka, kwani bila maabara ya profesa huyo wazo lingebaki daftarini.

Alipewa cheo cha Sir mwaka wa 1934. Alipenda kuchora mandhari, na mwaka wa 1927 alisafiri hadi Aktiki na mchoraji mashuhuri A. Y. Jackson. Vita vilipozuka tena alirejea jeshini. Februari 1941, akielekea Uingereza, ndege yake ilianguka karibu na Musgrave Harbour, Newfoundland. Rubani alinusurika. Banting alifariki Februari 21 kutokana na majeraha, akiwa na umri wa miaka 49.