Patrick Manson na siri ya damu ya usiku

Matende na mabusha ni maradhi ambayo sisi watu wa pwani huyataja kwa kunong'ona. Mwenye nayo hujificha ndani, na wapo hadi leo wanaosema amerogwa. Ndiyo maana nataka tumjue daktari Patrick Manson.

Alizaliwa Scotland mwaka 1844. Akiwa bado kijana alikwenda Formosa, tunayoiita leo Taiwan, kisha 1871 akahamia Amoy, mji wa bandari kusini mwa Uchina. Huko wagonjwa wa matende walikuwa wengi, na aliwapasua mmoja baada ya mwingine. Lakini kukata uvimbe hakukumwambia maradhi yanatoka wapi.

Ilikwishajulikana kwamba damu ya baadhi ya watu ina vijiminyoo visivyoonekana kwa macho. Manson akajiuliza, vinatokaje mwilini? Akamshuku mbu. Mwaka 1877 alimlaza mtunza bustani wake, Hin Lo, aliyekuwa na vijiminyoo hivyo, mbu wakamuuma usiku kucha. Kisha akawapasua mbu wale na kuwatazama kwa hadubini. Vijiminyoo vilikuwa vimetoboa tumbo la mbu na kukua ndani ya kifua chake.

Akagundua pia kwamba vijiminyoo hivyo hujaa kwenye damu usiku, mchana hujificha. Hii ndiyo sababu watu wa afya walikuwa wakija vijijini kwetu kutoboa vidole usiku, nasi tukiwadhania wanyonya damu! Na vidonge vya matende vilivyogawiwa Kilifi na Kwale huua vijiminyoo vya aina ile ile aliyokuwa nayo Hin Lo. Kwangu mimi, mtunza bustani huyu anastahili kutajwa kila anapotajwa bwana wake.

Hata hivyo Manson alikosea pakubwa. Alidhani mbu hufia majini na mtu huambukizwa kwa kunywa maji hayo. Mwaka 1900 George Low, daktari kijana wa ile shule ya tiba ya nchi za joto ambayo Manson aliianzisha London, alivikuta vijiminyoo kwenye mdomo wa mbu. Kumbe huingia kwa kuumwa.

Mwaka huo huo Manson alitaka kuthibitisha kuwa malaria nayo huletwa na mbu. Mbu wakaletwa kutoka Roma, na safari hii aliyeumwa alikuwa mwanawe wa kumzaa. Kijana akashikwa na homa, akatibiwa kwa kwinini.

Tuzo ya Nobel ya malaria ilimwendea Ronald Ross mwaka 1902, ambaye Manson ndiye aliyemwelekeza. Manson alifariki London, Aprili 1922.