Otto Wichterle: Mkemia aliyeunda lenzi laini za macho akiwa nyumbani kwake

Kama unavaa lenzi laini za macho, mtu wa kumshukuru ni Otto Wichterle, mkemia aliyezaliwa Oktoba 27, 1913 katika mji wa Prostějov, ambao leo uko Jamhuri ya Czech.

Maisha yake hayakuwa mteremko. Mwaka 1939 Wanazi walifunga vyuo vikuu vya Czech, akaenda kufanya kazi kwenye kampuni ya viatu ya Bata mjini Zlín. Mwaka 1942 Gestapo wakamkamata na kumweka ndani miezi kadhaa.

Wakati huo lenzi zilikuwepo, ila ngumu na zinaumiza. Wichterle na mwenzake Drahoslav Lím wakatengeneza plastiki inayonyonya maji na kulainika.

Utafiti wake wa lenzi ukasimamishwa. Hakukata tamaa. Krismasi ya 1961, nyumbani kwake, alichukua vyuma vya mchezo wa watoto na dainamo ya baiskeli, akaunda mashine. Zikatoka lenzi 4 za kwanza. Mkewe, Linda, alimsaidia kutengeneza nyingine nyingi.

Haki za ugunduzi huo ziliuzwa Marekani, ambako lenzi hizo ziliruhusiwa mwaka 1971. Wengine wakatajirika, yeye akaambulia kidogo tu. Tena mwaka 1970 alivuliwa ukurugenzi wa taasisi yake kwa sababu za kisiasa. Heshima ilirudi mwaka 1990 alipokuwa rais wa Akademia ya Sayansi ya Czechoslovakia. Alifariki Agosti 18, 1998.

Lakini ulaini wa lenzi zake umezaa tatizo: mtu anasahau kwamba amezivaa, hadi analala nazo.

Konea, sehemu angavu ya mbele ya jicho, haina mishipa ya damu. Oksijeni yake inatoka hasa hewani. Ukiifunika muda mrefu inavimba, jicho linakuwa jekundu, na bakteria wanapata njia. Kulala na lenzi kunaongeza hatari ya maambukizi mara 6 hadi 8, na kidonda cha konea kinaweza kukupofusha.

Kwa hiyo zivue kabla ya kulala, nawa mikono, na usizioshe kwa maji ya bomba wala mate. Ukiona wekundu, maumivu, ukungu au mwanga unakuumiza, zitoe hapohapo na umwone daktari wa macho siku hiyohiyo.